Kaka Alipotoka Kikaoni

12 Februari

Kaka,

Shikamoo. Hamjambo wote, wewe, wifi na watoto? Mimi mzima, ila baridi ya huku imenipasua midomo mpaka kucheka ni kazi.

Nimeona tangazo la nafasi ya mtafiti wa udongo hapo chuoni kwenu, nami nimeomba. Ufadhili wangu unakwisha Juni. Wamenipa mwingine wa miaka mitatu, lakini sijausaini. Nataka kurudi, kaka. Mama anazeeka mimi nikiwa mbali, na kila nikipiga simu sauti yake imepungua.

Sasa wewe ndiye naibu mkuu wa chuo, na kamati ya ajira iko chini yako. Tafadhali, wakifikia jina langu, toka nje. Sitaki mtu aseme nimebebwa.

Mdogo wako

1 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mama ndiye miguu inamsumbua, na siku hizi humwita mke wangu kwa jina lako. Mke wangu huitika tu. Tangu nimwambie mama umeomba kazi huku, anamuuliza kila anayeingia kama amekuona njiani, hata fundi bomba.

Nitatoka, usijali. Utaratibu wenyewe unataka hivyo. Na nani kakudanganya kwamba ningekupendelea? Redio yangu uliyoivunja sijaisahau.

Kaka yako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Leo salamu zangu fupi. Hukupata.

Walipofikia jina lako nilikunja karatasi zangu nikatoka bila kusema neno, nikasimama kwenye korido. Niliporudi walishampitisha mtu mwingine. Leo mkuu wa idara ya udongo kanieleza tukiwa tunapanda ngazi: "Tulikuona umeinuka umenuna, tukajua humtaki. Nani angempitisha dada yako wakati wewe mwenyewe humtaki?"

Nilidhani wote wanajua kwa nini natoka. Ningesema sentensi moja tu kabla ya kuufungua mlango. Nisamehe.

Kaka yako

15 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Habari za mama?

Barua yako nimeisomea maabarani, nikajikuta nimekalia ndoo ya sampuli. Mwanafunzi wangu akaniuliza kama naumwa.

Nilikuomba utoke, sikukuomba ukae kimya baada ya hapo. Rudi kwa hao watu uwaambie hawakukuelewa. Wamchukue wanayemtaka, lakini wanipime kwa kazi yangu. Huku wanataka saini yangu mwisho wa mwezi, na nitawazungusha mpaka nipate jibu lako. Fanya haraka, kaka.

Mdogo wako

30 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Simu zangu hupokei, na nimesikia umesaini.

Sikuwaambia. Mara mbili nilifika mlangoni kwa mkuu wa chuo nikageuka. Niliona nikifungua mdomo watasema naendesha chuo kama duka la ukoo. Niliogopa maneno ya watu, basi, sina sababu nyingine.

Mama hatujamwambia. Bado anakuulizia, nami namjibu unafunga mizigo.

Kaka yako

17 Oktoba

Mdogo wangu,

Pole tena. Ulifika tumeshamzika mama jana yake, ukalala siku mbili, ukaondoka hatujazungumza. Sikulaumu.

Yule aliyepewa nafasi ameacha kazi. Juzi nilisimama mbele ya kamati nikaeleza yote: ulichoniomba, nilivyotoka, na woga wangu. Kisha nikatoka. Waliniita ndani wakaniambia wamekubaliana wote, uchukue nafasi hiyo hata Januari. Chumba cha mama kipo, mke wangu amekipaka rangi. Rudi nyumbani.

Kaka yako

2 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mimi naamka, nakwenda kazini, narudi.

Asante kwa kusimama mbele yao. Najua ulivyo, na najua haikuwa rahisi.

Nafasi hiyo mpeni mwingine. Wapo vijana wazuri walioomba pamoja nami, na wao wanaihitaji. Udongo hata huku upo. Mimi nilikuwa nataka kutoka kazini jioni nikakae na mama.

Sijakuchukia. Ila usiniandikie kwa sasa. Siku nikiweza, nitaanza mimi.

Mdogo wako