Kokoto za Saumu

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Huku Makorora tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua binti.

Unasema mwalimu mkuu anataka kufuta mapumziko ya saa nne ili msome zaidi, na wewe kiranja amekuomba maoni. Unaniuliza umjibu nini.

Nilipokuwa darasa la nne, mapumziko yetu nayo yalifutwa. Mimi, mpenda vitabu, nilifurahi. Kumbe hesabu za kugawanya nilizielewa uani tu, tukicheza mdako, ule mchezo wa kurusha na kudaka kokoto, na rafiki yangu Saumu. Aligawa kokoto huku akinitania, "Haya Bi Kitabu, kumi na saba kwa watu watatu, zinabaki ngapi?" Nami nilikuwa nikijibu mbili papo hapo.

Siku moja, mapumziko yakiwa yameshafutwa, mwalimu aliniita ubaoni kwa hesabu hiyohiyo. Nikaandika nne, nikafuta, nikaandika sita, nikafuta tena. Saumu akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, mpe kokoto huyo."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alitutoa nje sote, akatutazama tukicheza na kugawana kokoto kwa hesabu mpaka kengele ikalia. Kesho yake mapumziko yakarudi.

Basi usimbishie mwalimu mkuu, mwanangu. Mwombe kwa adabu asimame nanyi uani saa nne, asikilize mnavyohesabu mkicheza.

Nakuombea kila swala,
Bibi yako