Bunduki Isiyoona Mbali

Februari 3

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hujambo? Na macho je? Usinijibu "yapo tu", nataka jibu la kweli. Mimi mzima kabisa, mzima kupita kiasi, maana nimepata bunduki!

Ngoja nianze vizuri. Unamjua yule fundi bunduki mzee wa chumba cha mbele, mimi na cherehani za watu ninazozitengeneza chumba cha nyuma? Mjane mmoja kamletea bunduki ya kuwindia ya zamani, kama ile ya babu uliyojifunzia. Nimeinunua. Kibali kiko kwa jina la fundi na inalala kwenye kabati lake la chuma, kwa hiyo usianze kuogopa. Ina kutu mpaka unaionea huruma, na kitako kimepasuka. Fundi kaniuliza, "Wewe wa sindano na uzi, utaiweza hii?" Nikamjibu, kwani chuma kinajua mimi ni nani?

Siku ile hospitali ulisema kabla macho hayajazimika ungependa upige risasi moja tu zaidi. Basi. Nitaitengeneza, utakuja, utapiga.

Mwanao


Februari 20

Mwanangu,

Marahaba. Macho yapo tu. Haya, ukweli: pembe za vitu zimekuwa moshi. Mlango nauona, komeo nalipapasa. Daktari kasema mwaka hautaisha nikiwa nayo.

Barua yako imeniletea nyasi za alfajiri, zile zinazokulowesha mpaka magotini, na babu yako mbele yangu hasemi neno. Watu wanadhani kuwinda ni kupiga. Sisi tulikuwa tunakaa. Unakaa mpaka unasahau kama una miguu, halafu swala anatoka kwenye ukungu kama vile umemuwaza mwenyewe. Mara nyingi nilimwangalia tu, akapita.

Kitako kipake mafuta taratibu. Mtutu mwachie fundi. Najua mikono yako inavyokuwasha.

Shangazi yako


Machi 15

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo! Macho yanasemaje? Kaa chini kwanza. Ufa wa kitako umeziba, gundi huioni hata ukitafuta. Mafuta nimeyasugua kwa kiganja mpaka mbao imekuwa na rangi ya chai.

Na mtutu… najua ulichosema, lakini fundi alikuwa na mteja wa maneno mengi! Nikachungulia ndani. Kutu, na chini ya kutu mikwaruzo imezunguka mtutu wote, mwanzo mpaka mwisho. Sasa kwenye cherehani, mahali uzi unapopita pakiwa na mkwaruzo hata kidogo, uzi unakatika. Nikaviringisha msasa kwenye fimbo, nikaifunga kwenye drili, nikasugua mpaka ndani kukawa kioo. Risasi itateleza kama hariri! Fundi sijamwonyesha, nataka ashtuke.

Mwanao


Machi 28

Mwanangu,

Marahaba. Niko salama.

Ile haikuwa mikwaruzo. Ni mifereji, ilichongwa makusudi kiwandani. Ndiyo inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Bila hiyo inayumba kama mlevi. Mwonyeshe fundi leo hii. Umebaki hata mmoja?

Shangazi yako


Juni 9

Mwanangu,

Hujambo huko? Mbona kimya? Nimemuuliza mama yako, anasema unakula, basi u mzima. Sijakasirika. Nilikasirika Aprili, imeisha. Jicho la kushoto limezimika. La kulia bado linapigana. Niandikie, na uandike herufi kubwa.

Shangazi yako


Juni 17

Shangazi,

Shikamoo. Hizi ni kubwa kiasi?

Haukubaki mfereji hata mmoja. Fundi alichungulia, akakaa, akavua miwani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Mitutu ya aina hii haitengenezwi tena, na hata ukipatikana mwingine utafika mwakani. Aliifunga bunduki kwenye stendi akaifyatua kwa kamba. Ni salama, haipasuki, ila risasi inaenda inakotaka. Kwa mbali hata ukuta wa nyumba inaukosa.

Cherehani za watu zimelundikana, sizigusi. Nikishika msasa naurudisha sandukuni. Nisamehe, nimekuibia risasi yako.

Mwanao


Julai 1

Mwanangu,

Marahaba, na futa machozi, yanaharibu karatasi.

Sasa nisikilize. Bunduki yako haioni mbali. Mimi pia sioni mbali. Tumefaana kuliko nilivyotegemea. Mwambie fundi aniwekee shabaha karibu, pale uwanja anaojaribia bunduki, karibu kiasi cha kuchekwa. Nakuja na basi la Jumamosi. Nipokee stendi, simama juani, vaa kitu chekundu.

Shangazi yako


Oktoba 22

Mwanangu,

Hujambo? Anayeandika ni jirani yangu. Maneno ni yangu, makosa ni yake. Anacheka. Mwili hauna neno. Macho yamefunga duka.

Usinihurumie. Nyasi zile sasa naziona hata mchana, na swala haniogopi tena. Kile kitako bado nakisikia shavuni, laini kama mkono wa mtu.

Siku ile baada ya kupiga nilikukataza usiniambie risasi imefika wapi. Nilitaka nirudi nyumbani na ule mlio tu. Lakini humu ndani kuna nafasi kubwa sasa, jibu lolote litapata pa kukaa. Ilifika wapi?

Shangazi yako


Novemba 2

Shangazi,

Shikamoo, na jirani namsalimu. Yeye anayekusomea ataona hapa kuna neno limekatwa. Niliandika "katikati". Nimelikata.

Shabaha ilibaki safi. Hata pembeni hukuigusa, na ilikuwa pua na mdomo! Tulipokupandisha basi tulirudi na koleo, tukachimba tuta la udongo lililo nyuma yake. Tukapata risasi za watu wengine, za zamani, zimepinda. Fundi anazigeuza kiganjani: hii si yake, hii nayo si yake. Jua likatuishia. Jumamosi iliyofuata nikarudi peke yangu. Haipo.

Fundi anasema imezama zaidi, hamna la ajabu. Mimi siamini. Nikiwa kwenye cherehani, mguu unasimama wenyewe, nageuza kichwa dirishani.

Naona bado inaenda, Shangazi.

Mwanao