Kabati la Tumpe Limerudi

Mpendwa Baba Ipyana,

Jana mvua ilinyesha kutwa nzima, Tukuyu ni ileile uliyoiacha, na kabati la Tumpe limerudi. Nimeona nikuandikie kabla sijaanza kulipuliza vanishi, maana wewe ndiye mtu pekee ninayetaka kumringia.

Unaukumbuka ule wakati wa ruksa, kila kitu kilipoanza kuingia nchini? Maduka ya Mbeya yalijaa makabati ya kung'aa kutoka nje, na watu wa hapa, hata wale uliowachongea vitanda vya ndoa zao, wakaanza kukuuliza kwa nini vanishi yako ina alama za brashi. Ulimswaga ng'ombe wetu wa maziwa mpaka mnadani, ukarudi na kompresa ya mtumba na bunduki ya kupulizia rangi. Nilinuna wiki nzima, nikawa nakupa chai bila maziwa ili usisahau ulichofanya.

Ndipo akaja Mwalimu Asajile wa Kawetele. Binti yake, Tumpe, alikuwa anaolewa, na mwalimu alitaka kabati la vyombo la kumkabidhi siku ya kumuaga. Hakuzunguka. "Fundi, nikiona alama ya brashi hata moja, silichukui. Nakwenda zangu Mbeya."

Alipoondoka ukaniambia, "Hili likikataliwa, nafunga karakana. Nitaomba kazi kiwanda cha chai." Nilijua hufanyi mzaha, kwa sababu hukucheka, na wewe ulikuwa mtu wa kucheka hata msibani.

Karakana yetu ilikuwa banda la bati lililo wazi pande tatu, na mvua ilikuwa na wiki ya tatu. Ulipomaliza kulichonga kabati, ukaliingiza sebuleni, ukaliegemeza ukutani, ukajifunga kitambaa puani, ukafungulia hewa yote. Mama yangu! Punde si punde hatukuonana. Ukungu wa kahawia ulitua kwenye vitambaa vyangu vya kufuma, kwenye redio, kwenye mkungu wa ndizi, na mtetea aliyekuwa anatamia kwenye kona akatoka kahawia mgongo mzima. Kibaya zaidi, vumbi lile la rangi lilirudi likatua juu ya kabati kabla halijakauka, likawa linakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Nilitaka kusema kwamba ng'ombe tulikuwa naye, nikayameza maneno yangu.

Kosa la pili lilikuwa langu, na leo nalikiri kwa maandishi. Sisi tumelelewa kunyunyizia sakafu maji kabla ya kufagia, vumbi lisitimke. Nikakwambia vumbi ni vumbi tu, hata likiwa la rangi. Basi ulipomaliza kulipiga msasa upya, kazi ya siku mbili, nikamwaga ndoo nne sakafuni na kutundika majani mabichi ya mgomba kuta zote, yakichuruzika maji. Ukapuliza. Ukungu ulinaswa kweli, nami nikaanza kupiga kigelegele. Hata sijakimaliza, kabati likaanza kugeuka jeupe, kama limemwagiwa maziwa.

Ulikaa chini kwenye maji yaleyale. "Mama Ipyana, ndo basi tena," ulisema. Zilikuwa zimebaki siku tatu Tumpe aagwe.

Hukunilaumu, na hilo liliniuma kuliko matusi. Asubuhi nilichukua kitambaa, nikakichovya kwenye thina, ile ya kuzimulia vanishi, nikasugua kona ya chini ambayo nilidhani hakuna atakayeiona. Weupe ukatoka! Rangi ikarudi vilevile. Nilikuita kwa sauti mpaka majirani wakaja mbio wakidhani tumefiwa. Uliitazama ile kona, ukaitazama sakafu iliyolowa, kisha ukacheka, kwa mara ya kwanza tangu mwalimu aje. "Ni maji, mke wangu. Hewa ya Tukuyu ina maji yake ya kutosha, na sisi tumeiongezea."

Tulikausha sakafu. Nilishusha majani mabichi nikatundika makavu, yale yanayoning'inia kwenye migomba, kutoka darini mpaka chini, maana mikunjo yake hunasa kila kitu. Tuliwasha majiko mawili ya mkaa mpaka chumba kikapata joto. Kisha nikayapeleka nje, mbali kabisa, na madirisha yakafunguliwa, ndipo nikakuruhusu ushike kopo la thina, kwa sababu thina na moto havikai nyumba moja. Mvua ilikuwa imepumzika. Ukapunguza hewa ya kompresa, ukasogea karibu, ukapuliza kuelekea dirishani huku upepo ukitokea mlangoni nyuma yako. Ulianza na thina tupu, kidogo kidogo, na weupe ukayeyuka mbele ya macho yetu. Kisha vanishi. Majani yakageuka kahawia, na kabati halikushika hata chembe.

Siku ya kulichukua, pale karakanani, Mwalimu Asajile alipitisha kiganja juu yake, akainama, akauona uso wake kwenye mlango wa kabati, akarekebisha kola. "Fundi, niambie ukweli. Hili umelinunua Mbeya?"

"Mwalimu, nenda sebuleni kwangu ukaangalie ukuta," ulimjibu.

Alikwenda. Ukuta mzima ulikuwa wa kahawia, na katikati palibaki umbo jeupe la kabati, tangu ile siku ya kwanza. Alirudi akakushika mikono yote miwili. "Ndaga fijo," alishukuru kwa Kinyakyusa, na mara nyingine tena, "ndaga fijo."

Hukukubali ukuta ule upakwe chokaa, nami sijaupaka mpaka leo. Baada ya hapo walikuja wateja wa Masukulu, wakaja wa Kinyala, na hakuna aliyetaja tena kiwanda cha chai. Ulipofariki, ndugu zako walinishauri niiuze kompresa. Mwanamke gani anapuliza rangi? Nikajifunga kitambaa puani. Sasa walewale ndio wananiletea vitanda vyao, nami nawapokea kwa heshima zote, ingawa siwaharakishii.

Jana alikuja Tumpe mwenyewe, mama mtu mzima, na kabati kwenye pikapu. Anamuaga binti yake, na amekataa kununua jipya. "Mama, mimi nataka lilelile. Unipulizie kama alivyopuliza baba." Hakuna kiungo kilicholegea, mume wangu. Milango inafunga kimya.

Kwa sababu ya mvua tuliliingiza sebuleni, tukalisukuma mpaka ukutani. Lilienea kwenye umbo lake, pembe kwa pembe. Tumpe alishika mdomo. Mimi nilipiga kigelegele, na safari hii nilikimaliza.

Chumba kimeshapata joto na majiko nimeyatoa. Pumzika, fundi wangu, nikafanye kazi yetu.

Mkeo,
Mama Ipyana