Mtu wa Kunisemea Vizuri

Jumanne, 4 Machi

Nimeitwa! Karakana ya kampuni ya mabasi inataka fundi rangi, na usaili nimepita. Afisa utumishi, mama mmoja wa sauti ya upole, anasema kilichobaki ni wadhamini watatu, watu atakaowapigia simu awaulize mimi kazini nikoje. Mmoja lazima atoke gereji nilikokuwa.

Gereji nilikokuwa! Ya Bosi. Mume wangu mpaka Desemba. Siku ninaondoka alinivunja mkono kwa mpini wa jeki. Hajui niliko, na asijue.

Dada yangu ananichekesha nisilie. Eti nimwandike daktari wa meno, hakuna anayenifahamu kama yeye. Meno yangu mawili ya mbele ni ya bandia — kazi ya Bosi hiyo. Tumecheka hadi mbavu zikauma.

Alhamisi, 6 Machi

Wawili wamepatikana. Mwalimu wangu wa chuo cha ufundi, na mwenye teksi niliyoipaka rangi upya, ambaye mpaka leo anaringa nayo mjini.

Wa tatu ndiye kazi. Bosi? Heri nikose ajira! Nilikuwa nasugua sufuria la dada huku namuwaza, mpini ukang'oka. Dada kanipokonya.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi bodi! Yule aliyemkaba Bosi shingo kwa nyuma siku ile ya jeki mpaka akaniachia. Bado yuko pale pale, ana watoto, angeenda wapi? Nimempata kupitia mkewe. Amekubali. Ila simu yake imezama kwenye ndoo ya thina ya kuyeyushia rangi, niandike namba ya gereji.

Nikasita. Halafu nikakumbuka Bosi hatii mguu pale kabla ya saa nne. Nimemwomba afisa apige asubuhi na mapema.

Jumatano, 12 Machi

Kazi nimepata! Jumatatu naanza! Dada kapiga kelele, jirani kagonga ukuta.

Halafu afisa, mama wa watu, akaendelea kwenye simu. Wadhamini wote wazuri, lakini huyu wa gereji — muungwana kweli! Kasema mimi ni mkaidi kidogo, ila nikishikwa vizuri natulia. Kauliza naanza lini, na geti lipi, aniletee zawadi.

Fundi bodi hana maneno hayo. "Ukishikwa vizuri" nimeyasikia nikiwa sakafuni, goti la mtu kifuani.

Nikauliza alipiga saa ngapi. Mchana, asubuhi alikuwa na kikao. Mchana! Pale gereji simu hukaa juu ya kompresa, na hupokelewa na mwenye mikono misafi. Mchana mafundi wote wana puti ya kuzibia mabonde mpaka viwiko. Mikono misafi ni ya mmoja tu.

Nikafungua mdomo nimwambie. Akaniwahi: anafurahi kupata mtu asiye na mambo ya nyumbani, maana fundi aliyetangulia mumewe alimfuata ofisini kwa vita, wakamwachisha kazi. Nikasema asante, mama. Nikakata simu nikapiga ukuta ngumi. Vifundo vinatoka damu.

Ijumaa, 14 Machi

Mke wa fundi bodi amepiga, analia. Bosi alijua namba ile imetoka kwa nani. Jana kamshika fundi mkono wa kulia, kaulaza juu ya chuma cha kunyooshea bodi, kashusha nyundo. Vidole vitatu. Wenzake wakaangalia chini. Amelazwa, na salamu zake ni hizi: dada'angu, usiende.

Dada naye hivyo hivyo, usiende. Nikamrushia kikombe! Kikapita sikioni kikapasukia mlangoni. Nilimwona Bosi ndani yangu na nikaogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa yeye.

Naenda. Nimechoka kukimbia.

Jumatatu, 17 Machi

Niko chumba cha rangi. Mlango mmoja.

Asubuhi nilimwambia mlinzi: akija mwanamume kuniulizia, simjui, asiingie. Kaapa. Nikapulizia basi ubavu mmoja, rangi ikakaa kama kioo. Msimamizi kasema naam, sasa tuna fundi.

Sasa hivi mlinzi amechungulia dirishani, anatabasamu. Eti kidogo amfukuze mgeni wangu, bahati afisa akatokea. Afisa kasema huyu ndiye mdhamini wa yule mpya, aliyemsifu kwenye simu. Anamleta mwenyewe.

Bomba la kupulizia nimelijaza thina. Nimelishika kwa mkono wa kulia, usawa wa macho ya mtu mrefu. Naandika kwa kushoto.

Mama anacheka. Kachekeshwa.

Wanabisha hodi, kwa adabu kabisa. Mama anasema fungua, mwanangu, ni mtu wako.

Mungu wangu, mama huyu asitangulie kuingia.