Mwambie Kaka Asinunue Cherehani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza kwa kukuomba radhi. Najua umeingoja barua yangu tangu mvua zianze mpaka zimekatika, na najua kila anayetoka huku unamuuliza kama nimempa kitu cha kukuletea. Mara kadhaa nimekaa na kalamu nikaishia kwenye shikamoo. Sikukusahau. Uchovu upo, siwezi kukudanganya, lakini si uchovu ulionizuia. Kuna jambo nilikuwa natafuta namna ya kukuambia, na namna yenyewe sikuipata, kwa hiyo leo naandika hivyo hivyo bila namna.

Vipi hali yako? Kifua kimetulia? Na ile miwani unaivaa, au umeifungia kabatini kama sahani za wageni? Tafadhali ivae usome mwenyewe. Kaka akikusomea anaruka mistari anayoona haina maana, na kwenye simu ndiyo usiseme, tunapigiana kelele tu huku yeye kasimama pembeni anajibu kwa niaba yako.

Sisi huku tuko salama kwa kiasi chetu. Baba mtoto bado anapaka rangi majengo, anarudi jioni ana madoa mpaka kwenye kope. Anakusalimu sana. Mjukuu wako ameota meno ya chini na anayajaribia kwenye bega langu. Watu wa nyumba hii wamempa jina, wanamwita Mkaguzi, maana hakuna ndoo wala sufuria itakayopita mbele yake asiichungulie ndani. Anacheka na kila mtu isipokuwa mwenye nyumba, na kwa hilo hatujamgombeza. Mama mkwe wangu tunaye tangu ulipoondoka. Ananisaidia kuliko nilivyotegemea, na anasema wewe na yeye mna deni la kukaa pamoja mtusengenye vizuri.

Sasa kuhusu cherehani. Najua mnangoja jibu. Kaka anasema lile chuma kuukuu nilitupe, ameona jipya dukani, la kukanyaga kama letu, na mwenye duka kamwekea. Wewe unasema itengenezwe, kwamba cherehani iliyotuvisha sote haiwezi kushindwa na visketi vya watoto wa shule, na ukaniuliza kama huwa naitia mafuta. Mama, naitia. Nimeitia mpaka sketi zikaanza kunuka mafuta.

Ilianza niliporudi kazini baada ya kujifungua. Wewe unaijua sauti yake ikiwa nzima, inakwenda kama mtu anayejua aendako. Sasa ikawa inakwenda kidogo, inasita, gurudumu linarudi nyuma, uzi unajisokota chini ya kitambaa, unakatika. Naunganisha, naanza upya, unakatika. Na kazi yangu ni marinda, unajua mwenyewe, rinda moja likipinda sketi nzima inaonekana imelaliwa.

Yule mwenye duka la sare anayenipa kazi, tunayemwita Mama Sare, akanirudishia furushi zima. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alitandaza sketi moja juu ya meza, akashika rinda kwa vidole viwili, akavuta, likaachia lote mpaka chini. Akaniambia kwamba kilichomfanya anichague mimi ni kuwa kazi yangu hakuwa anaikagua. Kama sasa itabidi aikague, basi mafundi wa kukaguliwa anao tele. Alisema atanipa furushi moja tu la mwisho, kabla shule hazijafunguliwa, na baada ya hapo tutajuana. Nililibeba lile furushi mpaka nyumbani bila kujua nitalishona na nini.

Tukamwita fundi anayetengeneza cherehani. Hapa mtaani wanamwita Daktari, kwa sababu huanza kwa kuinamisha sikio kwenye mashine na kuwanyamazisha watu wote. Akabadilisha mkanda, akabadilisha sindano, akafungua pale bobini inapokaa akatoa vumbi na nyuzi za miaka. Akajaribu kwenye kipande cha kitambaa, ikashona vizuri. Akaondoka. Nikakaa mimi, uzi ukakatika. Akaitwa tena, akajaribu, ikashona. Safari hii akasema cherehani za zamani ni kama mama mkwe, zinajua nani wa kumsumbua. Na mama mkwe mwenyewe alikuwa pale pale anakunja nepi. Akamwambia basi watafute mkokoteni mmoja wawabebe wote wawili, yeye na cherehani. Daktari akakosa pa kuficha uso. Tulicheka, Mama, na ilikuwa siku nyingi sijacheka.

Basi nyumba ikagawanyika. Baba mtoto akawa upande wa Kaka, anasema hata chuma kinachoka. Mimi nikawa upande wako. Tukabishana wiki nzima, itengenezwe, inunuliwe nyingine, kila mtu na sababu zake, na sote tulikuwa tunaitazama cherehani.

Asubuhi moja nilikuwa namnyonyesha Mkaguzi. Mama mkwe akachoka kuningoja, akakaa mwenyewe ashone upindo wa pazia. Kushona hajui, alikuwa anaziba viraka tu. Akakanyaga, ikaenda. Ikaenda kutoka mwanzo wa pazia mpaka mwisho bila kusita. Mshono wake ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi, lakini uzi haukukatika hata mahali pamoja. Akafurahi, akasema cherehani inaheshimu watu wazima. Mimi nilisimama na mtoto kifuani, sikuweza kucheka.

Alipoinuka nikakaa mimi. Safari hii sikutazama kitambaa. Niliinama nikatazama chini ya meza. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa unafanya kazi yake. Wa kulia ulikuwa umelala juu ya chuma cha kukanyagia, vidole vimeanguka, kama kitu mtu alichokiweka pale akakisahau. Na mimi muda wote huo nilidhani naukanyagisha. Niliuambia unyanyuke. Haukunyanyuka.

Ndipo yakanijia yote niliyokuwa nayaita uchovu. Kandambili ya kulia inayobaki nyuma mpaka jirani aniitie. Baba mtoto kuniuliza kwa nini natembea kama ninayeburuta gunia. Ile ganzi ya siku za mwanzo, uliyonisugua kwa maji ya moto ukasema ni uzazi, itapita, nami nikaamini kwamba imepita. Nilijaribu kushona kwa mguu wa kushoto peke yake. Unaweza mshono mmoja, wa pili nyonga inawaka, na kila nikitaka kuanza gurudumu linarudi nyuma.

Nilipompeleka Mkaguzi kliniki kupimwa uzito nikamwonyesha nesi. Akanipitishia ncha ya kalamu juu ya mguu, upande huu wa juu karibu na vidole, nikaisikia kama mtu anayenigusa juu ya blanketi. Akaniambia kuna mshipa wa fahamu unapita kwa nje ya goti, karibu kabisa na ngozi, na wangu ulibanwa. Amewaona wanawake wengine hivyo, waliokaa muda mrefu kwenye uchungu magoti yakiwa yamekunjwa na kushikiliwa. Alisema unaweza kurudi taratibu, na unaweza usirudi wote, hakutaka kuniahidi. Akanifundisha mazoezi, akanikataza kandambili. Kisha akaniuliza nani alinishika mguu siku ile, na mkono wake ulikuwa wapi. Nikamjibu sikumbuki.

Mama, nakumbuka.

Nesi wa zamu alikuwa mmoja na sisi tulikuwa tumejaa. Akakuambia ushike goti la kulia, ulivutie kwangu, usiliachie. Hukuliachia. Uliniambia nikutazame wewe, nisitazame taa. Nilipokuambia siwezi ulinibana zaidi ukasema naweza. Hilo ndilo lililonifanya nisiandike muda wote huu. Mama mkwe alinishauri nisikuambie kamwe, niseme ni cherehani, Kaka anunue mpya, wewe ulale usingizi wako. Alinishauri kwa wema na nilikaribia kumsikiliza. Lakini ingekuja hiyo mpya, na uzi ungekatika vile vile. Halafu siku moja ungekuja, ungeniona ninavyovuka mlango, na wewe si mtu wa kudanganyika kwa mwendo. Nimeona heri ulisikie kwangu.

Sikuandikii kukulaumu. Nataka ulisome hili mara mbili. Ulifanya ulichoambiwa, na ulikifanya kwa nguvu zako zote, na mtoto alikuwa amechoka kule ndani. Huyu anayenitafuna bega alitoka kwa sababu kuna mtu alishikilia. Kama ni kuchagua kati ya mguu na yeye, sote wawili tungechagua kile kile bila hata kutazamana. Kwa hiyo ukitaka kulia, lia leo, umalize. Usilibebe kila chumba cha nyumba, usimwulize kila mgeni kama angefanya vinginevyo. Hilo nakuomba kama mwanao, na kwa kuwa sasa na mimi ni mama, nakuomba pia kama mzazi mwenzio.

Na usije kunichukua. Nakujua, hapa ulipofika tayari unatafuta mkoba. Nikija huko nitakuwa mgonjwa wa kupelekewa uji kitandani. Hapa mimi ni fundi mwenye mguu mbaya, na baba mtoto anajua, nilimwambia yeye kwanza, akachukua ndoo ya maji mkononi mwangu na tangu siku hiyo hajaniachia niibebe. Njoo kutembea, na tutafurahi. Kunichukua, hapana.

Jibu la cherehani basi ni hili. Mwambie Kaka asinunue. Amshukuru mwenye duka, amwambie dada yake amebadili mawazo. Na wewe usihangaike na fundi, haina kitu cha kutengenezwa. Tumeitoa tu kwenye ile meza ya kukanyaga. Ulinisimulia kwamba ilipokuja nyumbani ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, ukishonea mkekani, kabla Baba hajaitafutia meza. Daktari ameitazama akasema bado inakubali mpini wa kuzungushia, hizi mpya hazikubali, ila mipini yenyewe siku hizi haipatikani. Kwa sasa mama mkwe anakaa kando yangu analizungusha gurudumu kwa kiganja, mimi naongoza kitambaa. Anasema ameajiriwa, na anataka chai kabla ya kazi. Tunakwenda polepole na kiganja chake kimevimba, siwezi kumtegemea hivyo kwa furushi zima. Lakini sketi ya kwanza nilimpelekea Mama Sare. Aliitazama kwa muda mrefu kisha akaikunja na kuiweka na zile za kuuzwa. Nikipata mpini wangu, furushi lililobaki nitalimaliza mwenyewe.

Msalimu Kaka na umwambie asinune. Wasalimu majirani wote wanaoniulizia, na mguu usiwaambie, nitawaambia mwenyewe nikitaka. Mkaguzi anakubusu kwa mdomo uliojaa mate. Nakuombea afya na usingizi.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mama Mkaguzi.

Vitu ninavyoomba unitumie kwa mtu wa kwanza atakayekuja huku ni hivi:

Mpini wa cherehani, wa chuma, wenye kishikio cha mbao. Ulikuwa kwenye debe la misumari la Baba, stoo.

Skrubu yake kubwa, kama bado ipo. Kama haipo nijulishe mapema, Daktari atanitafutia ya kufanana.

Kile kisanduku cha mbao ambacho kichwa cha cherehani kilikuwa kinakaa juu yake zamani. Kama unawekea vitunguu, vimwage.

Viatu vyako vyeusi vya kufunga kamba, ulivyokuwa unavaa kazini. Miguu yetu ni saizi moja. Tuma vyote viwili.