Samaki Asiyejua Kuogelea

Bweni la Wasichana,
Ghorofa ya Tatu.
Jumatatu, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na Babu, kikohozi kimempungua au bado anajitibu mwenyewe? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho iko mkononi.

Masomo si mabaya. Chakula cha bwalo tunakula huku tukimwomba Mungu, lakini tunakula. Chumbani tuko wanne, na mmoja wetu, tunayemwita Redio, ndiye aliyeniponza.

Hapa chuoni kila mwaka kuna Siku ya Kuzamia. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanatupa ufunguo wa shaba kwenye bwawa la kuogelea, upande wa kina kirefu, na mmoja wetu wa mwaka wa kwanza anaruka kutoka ubao wa juu kwenda kuuleta. Akiuleta ni muziki na keki, na sisi wageni ndipo tunakuwa wenyeji. Ni Jumamosi hii. Aliyechaguliwa ni mimi.

Ngoja, usishike kichwa bado. Mama alinipigia, simu ikiwa kwenye spika: "Samaki wangu, umekula?" Redio akalidaka hilo jina. Kabla sijaagana na Mama, bweni zima linajua kuna Samaki ghorofa ya tatu. Hata kura haikupigwa, nikapita bila kupingwa.

Nimewaambia sijui kuogelea. Haki ya Mungu nimewaambia! Nilimfuata mwenyekiti wa sherehe mpaka maktaba. Alicheka hadi akavua miwani. "Samaki anaogopa maji! Hiyo useme ukiwa juu ya ubao, watu watavunjika mbavu." Mshauri wa wanafunzi naye akanipigapiga begani, eti woga wa kawaida huo, binti. Nikisema kweli inakuwa kichekesho, nikinyamaza wanasema najidai.

Jana nilikwenda kulitazama hilo bwawa. Maji ni ya kijani, sakafu haionekani. Nikashika uzio. Mwaka jana aliyesita kwenye ubao alisukumwa, watu wakapiga makofi. Naogopa, Shangazi. Naogopa nitakuwa natapatapa na wao watadhani nawachekesha.

Wewe unajua jina hili lilitoka wapi. Uliponichomoa kwenye pipa la maji nyuma ya jiko, nikiwa bado natambaa, mdomo unafumba na kufumbua, ulisema "tumevua samaki" ili Mama aache kupiga mayowe. Tukacheka, tukalizoea, tukasahau pipa.

Mama sitamwambia, presha itapanda. Simu yako kila nikipiga haipatikani, ndiyo maana barua hii inakuja na Mjomba dereva, atakufikia Alhamisi. Panda pale juu penye mtandao umpigie huyo mshauri, namba nimeiandika nyuma. Mwambie habari ya pipa. Wewe ukisema na ile sauti yako, hatanipigapiga begani tena.

Nisalimie Babu, Bamdogo fundi cherehani, na kitinda mimba wako mwenye maneno mengi. Mungu awalinde wote, awaamshe salama kila siku.

Najua wewe ni mtu wa kucheka, Shangazi. Safari hii piga simu kwanza, halafu ucheke. Kwenye pipa mkono wako ulifika.

Wako akupendaye,
yule yule wa kwenye pipa.