Nafasi nane za Zaina

Kasongo, Jumatatu. Mvua ilimaliza hasira yake alfajiri, na sasa jua linachemsha tope la njia ya soko. Niko ndani ya kibanda changu cha kuchaji telefone, mulango nusu umefungwa. Wateja wanadhani ninaumwa.

Siumwi. Nina haya.

Ninyi munaosoma hapa mtandaoni munanijua. Mimi ndiye Pius, yule aliyeacha shule mwaka wa tatu wa sekondari kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha. Ndivyo nilivyowaandikia. Kweli yenyewe ni kwamba nilifeli mara mbili. Basi, hiyo ni kweli ya kwanza. Iko ingine, na ni nzito zaidi.

Chipu yangu ilifika. Ile niliyowapigia kelele miezi yote hii, kale kadudu keusi kenye miguu ya chuma. Hakana programu ndani, hakana mahali pa kuwekea picha. Michoro inazaliwa kwenye nyaya zake zenyewe, kama kwenye mashine za michezo za zamani: rangi chache, miraba inacheza. Iko kikundi cha watu wa mbali kwenye mtandao, wanakusanya kazi za wanafunzi na za watu kama mimi, wanazichapa pamoja juu ya kipande kimoja, kila mutu na kona yake. Nikapewa kona. Mutu wa Kasongo! Motari wa pikipiki waliokwenda Salamabila walibeba sifa zangu pamoja na mizigo.

Sikuwaambia kwamba kazi yangu ya kwanza haikuenea kwenye ile kona. Nilitaka kuweka picha nzima, mraba kwa mraba. Ilizidi mbali sana. Wiki mbili nilikaa ninatukana kompyuta.

Aliyenitoa ni Zaina. Ni jirani, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na anasuka mikeka na mama yake. Aliangalia kazi yangu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Pius we, mama anakumbuka mukeka mzima? Anahesabu tu! Ukindu huu ukipita juu, nyeusi. Ukipita chini, nyeupe. Mukono unaenda."

Akachukua daftari lake la hesabu. Namba ya mstari, namba ya safu: zikifanana hapa, nyeusi; zikitofautiana, nyeupe; halafu sogeza kidogo kila mara. Ukurasa mmoja tu! Picha haikuwa ya kuweka tena, ilikuwa ya kusuka. Ikaenea kwenye kona, na ikabaki nafasi ya maandishi ya kupita chini: herufi ishirini na moja, ukihesabu na nafasi tupu.

Watu wa michoro hii wana desturi yao. Mwishoni unapitisha majina ya wale uliofanya nao kazi. Tukaandika pamoja PIUS NA ZAINA KASONGO. Ilienea sawasawa. Zaina alihesabu kwa vidole mara mbili.

Siku ya kutuma, kijana mmoja wa mtaa wetu anayesoma chuo kule Kindu akapita kibandani. "Fundi chaja! Na wewe unatengeneza chipu?" Watu wakacheka. Mimi ninayecheka watu kila siku nikainamia chaja zangu. Alipoondoka tu, nikafungua kazi, nikafuta nafasi nane. Nikaandika zingine nane.

INJENIER PIUS KASONGO. Hata herufi ya mwisho ya cheo haikuenea.

Nikajiambia nitamweleza. Kesho. Halafu kesho ingine. Huko mbali wakachapa, na mimi bado sijamweleza.

Jana baada ya misa nikatoa ekrani ya televisheni ya zamani yenye mgongo mnene, nikaifunga kwenye chipu na betri ya sola mbele ya kibanda. Watu walijaa, wa misa na wa muskiti. Zaina akaja na mama yake, mama amevaa kitenge kipya. Nikawasha.

Ilifanya kazi. Miraba ikaanza kujisuka, mawimbi yanapita juu yake. Mama Zaina ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Ile ni mukono wetu! Angalieni, ile ni mukono ya nyumba yangu!" Alikuwa anashika watu mabega, mmoja mmoja.

Kisha maandishi yakapita. Vijana wakapiga kelele, "Injenieri! Injenieri!" Mama hajui kusoma. Akamwinamia binti yake.

"Jina yako iko wapi?"

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwao, nimeshika waya.

"Iko, mama," Zaina akasema. "Imeshapita."

Hakuniangalia hata kidogo. Mama akanigeukia, akashika mukono wangu kwa mikono yake miwili. "Aksanti, mutoto wangu. Umeandika mutoto yangu."

Na mimi, domo kubwa la Kasongo, nikajibu: "Karibu, mama."

Karibu!

Maandishi ya telefone unafuta, unaandika upya. Chipu si hivyo. Ilivyochapwa ndivyo itakavyopita kila ikiwashwa, hata nikiwa muzee. Asubuhi hii niliiwasha tena peke yangu. Sijui nilitumaini kuona nini.

Kwa mama siwezi kuanza, nitamfanya Zaina mwongo kwa kosa langu. Kwa hiyo leo akitoka shule nitamngoja njiani, anitukane vya kutosha. Akikubali, kesho ninakwenda sokoni, pale wanawake wanapotandika mikeka, nimwambie mama mbele yao wote nani alihesabu na nani alifuta.

Tangu asubuhi ninajaribu maneno ya kusema. Kila nikianza, neno la kwanza ni "mimi". Ninafuta. Ninaanza tena, na jina lake mbele.